Meza Fupi ya Fundi Randa

Mbele ya kibanda cha kinyozi palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mafungu mawili ya matofali, na juu ya ubao huo, kila siku iendayo kwa Mungu, walikaa watu wale wale mahali pale pale, hata ubao wenyewe ulikuwa umebonyea kwa vipimo vyao. Mwisho wa kushoto alikaa Karani, aliyestaafu ofisini miaka kumi iliyopita ila ulimi wake ukakataa kustaafu naye. Katikati alikaa Cheche, mchomeleaji wa vyuma, mikono minene na macho mekundu, mtu aliyeamini kwamba mbao ziliumbwa kwa ajili ya kuni. Kinyozi mwenyewe hakukaa. Alisimama mlangoni na kitana mkononi, akinyoa mteja akitokea, na akinyoa wasiokuwapo muda wote uliobaki. Pembeni Mama Birika alikuwa na jiko lake la kuni, vikombe sita visivyo na masikio, na kahawa chungu ya kumwamsha aliyezimia. Na mwisho wa kulia alikaa Fundi Randa, seremala, mrefu, mkavu, mzito wa maneno, ambaye ndiye aliyeuchonga ubao ule na kuwaletea. Sheria ya kijiwe ilikuwa moja na haikuandikwa popote: jambo la mtu haliulizwi, hubuniwa. Ukimwuliza mtu jambo lake akakujibu, mazungumzo yamekwisha na kahawa bado i moto, na hasara hiyo hakuna aliyetaka kuiingia.

Asubuhi ya Jumatatu Randa alichelewa kufika. Alikuja akitembea kama anayekanyaga mayai, mguu wa kulia umevishwa soksi mbili ndani ya ndala. Wenzake alikuwa amewaambia ni msumari. Msumari ulikuwepo kweli, hapo hakudanganya. Alichokiacha ni kwamba msumari ulimchoma asiuhisi, akashinda nao kiatuni siku nzima mpaka mkewe alipoona damu sakafuni. Kisukari kilikuwa kimeula ule mguu kimyakimya kama mchwa wanavyokula mlango: rangi ipo, ndani hamna kitu. Sasa daktari alikuwa ameshampa siku, nayo ilikuwa Alhamisi. Wa kulia utakatwa juu ya goti. Wa kushoto utabaki, daktari alisema huku akiandika, lakini usiutegemee kusimama.

Haya yalijulikana na watu wachache: yeye, mkewe, binti yao wa pekee na mume wa binti huyo. Mkwe alikuwa ameshatamka, kwa heshima zote, kwamba baada ya hospitali wazee wahamie kwake, na baba atapewa kona nzuri sebuleni, karibu na dirisha. Randa aliijua kona. Kaka yake mkubwa alikaa kwenye kona ya namna hiyo miaka mitatu, akilishwa, akifutwa, akisogezwa kama kabati watu wakifagia, na siku alipokufa ilipita nusu siku kabla mtu hajagundua. Basi Randa akaweka sharti. Akitoka hospitali apewe siku moja. Akiweza kukaa kwenye meza yake ya kazi na kulainisha ubao mmoja kwa randa, kichwa mpaka mkia, atabaki kwake na ataendelea kula jasho lake. Akishindwa, atapanda gari la mkwe bila neno. Mkwe alikubali upesi, kwa kuwa hakuamini.

Ndiyo maana akahitaji meza mpya. Karakana aliyofanyia kazi maisha yake yote ilikuwa na meza za watu wanaosimama, kwa hiyo Randa aligeuza chumba cha nyuma nyumbani kwake kuwa karakana, akaanza kujenga yake. Uso aliutengeneza kwa mbao ngumu za unene wa inchi tatu, zimeungwa kwa gundi na kubanwa siku nne, urefu futi nane na upana futi tatu: ungeweza kulaza mlango mzima na bado ukapata pahali pa kuweka vyombo na kikombe cha chai. Miguu minne ilikuwa minene kama paja la mtu, na kila mguu ulichongwa ulimi juu, wa kuingia kwenye tundu lake bila msumari hata mmoja. Seremala yeyote huipima meza yake kwa mwili wake: husimama, huiachia mikono ining'inie, na pale kiganja kinapolala ndipo uso wa meza unapokaa. Randa alijipima amekaa. Alikalia kiti cha jikoni, akakunja kiwiko, mkewe akapiga magoti na kushika tepu mpaka sakafuni. Futi mbili na inchi tatu. Na mbele, kati ya mguu na mguu, hakuweka ubao wa kukaza, ili kiti cha magurudumu kipite chini mpaka kifua chake kiguse meza. Nguvu aliyoipunguza mbele aliilipia nyuma kwa mbao mbili za msalaba. Ilikuwa kazi ya mtu aliyefikiri.

Kilichobaki ni kuupandisha ule uso juu ya miguu, na ule uso haukuwa mzigo wa mtu mwenye soksi mbili.

— Nahitaji mikono minane, aliwaambia.

Kinyozi alihesabu akasema hapo ipo sita, labda na ya Mama Birika. Mama Birika akajibu kwamba mikono yake ndiyo pekee pale iliyowahi kuinua kitu, akafunika birika, akatangulia. Wakaenda. Waliinua wakitweta na kulaumiana, ndimi nne zikaingia kwenye matundu manne kwa mlio mmoja mzito, na meza ikakaa kama iliyoota pale. Cheche akaitikisa kwa nyonga, haikutikisika. Karani akainama, akaona kitundu kidogo cha mdudu pembeni mwa ubao, akakigusa kwa kidole cha ofisini.

— Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema.

Alikuwa anausemea ubao. Lakini Randa alilazimika kuushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na jasho likamtoka kwenye nywele.

Waliporudi kijiweni walianza kabla hata ya kukaa. Kijiweni pale mtu alijadiliwa akiwepo kana kwamba hayupo. Huo ndio ulikuwa ukarimu wao, kwani walimwachia nafasi ya kutojibu. Wote walikuwa wameona kwamba meza ni fupi. Meza ya seremala huja mpaka nyonga, na ile ilimfika Randa katikati ya paja.

— Ile si meza, Karani alifungua. Ni kitanda. Shemeji kamhamisha chumba, naye anaona haya kukiita kitanda. Ndiyo maana wazee wakasema, mpenda chongo huita kengeza.

— Kitanda cha mbao ngumu za inchi tatu? Kinyozi akauliza. Huyo hakuhamishwa na mke, kahamishwa na adui. Mimi naona ni meza ya majeneza. Jeneza linataka meza fupi, maana unalipiga misumari umeliinamia. Nayo ni biashara nzuri. Hakuna mteja atakayerudi kusema linambana.

— Wewe umezoea kazi ya vichwa, Mama Birika alimwambia, ndiyo maana unawaza walipoishia wenye vichwa.

Cheche akasema wote wanazunguka tu. Hawakuona nafasi ile ya mbele, palivyoachwa wazi? Kuna kitu kinaingia pale chini. Kuna shimo. Mzee kachimba sakafu, na meza ni mfuniko.

— Shimo la nini?

— Ningejua ningekuwa nimekaa hapa na nyinyi?

Karani hakukubali kushindwa na mtu wa vyuma. Akasema aliwahi kusoma ofisini, kwenye jarida lililosahauliwa na mgeni, kwamba ziko nchi ambazo mafundi wake hufanya kazi wamepiga magoti. Randa amepata oda ya huko. Hii ni sampuli tu. Ikipendwa zitaondoka meza mia, nao watakuja kumwomba salamu kwa foleni.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, alimalizia.

— Meza haielei, Karani.

— Ya mbao inaelea. Yako wewe ya chuma ndiyo itakayozama.

Walicheka mpaka Kinyozi akamkata mteja wake karibu na sikio. Randa alikuwa amekaa mwisho wa ubao wake, kikombe kimepoa mkononi. Alikuwa ameamua njiani kwamba leo atasema. Watu hawa alikuwa amekaa nao miaka kumi. Aliujua mchango wa kila mmoja msibani na chafya ya kila mmoja asubuhi. Akaweka kikombe chini. Akakohoa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Cheche akamtangulia. Akawauliza kama wanamkumbuka yule mpaka rangi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa, wakamkata mguu. Jumapili alimwona sokoni, amekalia sanduku, mkewe amemshikisha mfuko wa nyanya kama mtoto anayeaminiwa kazi ya kwanza.

— Mwanamume akishakatwa mguu, Cheche alisema, mtandikieni shuka alale. Mwanamume ni kusimama.

Karani akachomeka kwamba kutangulia si kufika, hasa kwa mguu mmoja, na kicheko kikazunguka ubao kama kikombe. Randa naye alicheka. Asingecheka wangeanza kubuni. Kicheko kilipokwisha akawaambia kwamba Jumatano yeye na mkewe wanasafiri kwenda kwa dada yake, watakaa wiki mbili au zaidi. Akampa Kinyozi ufunguo wa nyumba amwangalizie. Hakuna aliyemwuliza kwa dada kuna nini, wala kwa nini mtu mwenye jeraha asafiri. Walianza kubuni kabla hajafika kona.

Yaliyofuata Randa aliyapata baadaye, kipande kwa kipande, kutoka kwa Mama Birika, mwanamke anayepunja kahawa lakini hapunji habari.

Siku mbili zaidi waliendelea na ile meza. Kitanda kikawa jukwaa, jukwaa likawa altare, shimo likafika maji. Siku ya tatu Mama Birika alikuwa akisuuza vikombe, mgongo amewapa, akasema bila kugeuka kwamba wao wanacheka wakati jambo lenyewe ni la kusikitisha. Yule mzee macho yamekwisha. Alikuwa anapima futi tatu, akaona mbili. Na ubao wa mbele ameusahau kabisa. Hakuna kitanda, hakuna oda, hakuna shimo. Kuna uzee.

Seremala aliyepotea kwenye tepu ni kama karani aliyesahau kusoma; kila mmoja alijua hivyo. Wakakumbuka alivyotokwa jasho siku ile. Wakasema: basi alikuwa anajua. Aliona kosa lake mbele yetu, akaona aibu, akakimbilia kwa dada yake. Kati ya mambo yote waliyobuni hilo lilikuwa moja tu lenye huruma, na huruma ndiyo iliyoharibu.

— Tumsitiri, Kinyozi alisema.

— Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, Karani alisema, akimaanisha kwamba wasaidie.

Watu ambao kwa miaka kumi hawakuwahi kuinua kitu kizito kuliko kikombe walifanya kazi siku nne. Sijui kama mtu anaweza kuwalaumu kwa uvivu. Cheche alifunga duka lake akaleta vyuma vya pembe nne vilivyobaki kwenye geti la tajiri mmoja. Waliung'oa uso wa meza kwa nyundo, wakaitoa ile miguu ya mbao, wakachomelea miguu ya chuma, futi tatu kamili, urefu wa mtu mzima mwenye akili zake. Mbele, pale fundi aliposahau, wakaweka chuma cha kukaza, kikapita usawa wa magoti. Uso wakaufunga kwa bolti kumi na mbili, na vichwa vya bolti Cheche akavichomelea visije vikalegea. Kisha Karani, ambaye hajawahi kushika koleo la mchanga maishani, akatoa wazo lake moja la kufaa: wachimbe sakafu, waizike miguu, wamwage zege. Wakamwaga. Wakapaka chuma rangi ya kijani. Cheche alisema hata nyumba ikianguka, ile meza watu wataikuta imesimama. Mwisho waliichukua randa yake, ile ya mpini uliong'aa kwa mkono wake, wakaipangusa vumbi na kuiweka katikati ya meza, kwa heshima.

Miguu ya zamani aliichukua Mama Birika. Mbao ngumu hushika moto polepole na hazitoi moshi. Mguu mmoja ulimchemshia kahawa ya siku nne.

Siku ya kumi na saba mkwe alimrudisha Randa. Hospitalini alikuwa amelala chali na kufanya mazoezi ya mikono juu ya shuka, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwuliza anapiga pasi nini. Mkewe alikuwa ameweka ubao wa majaribio tayari chini ya kitanda cha nyumbani. Alikuwa amenoa hata kisu cha randa mwenyewe, kabla hawajaondoka, kwa jiwe na maji, kama alivyomwona akifanya miaka thelathini na sita.

Mkwe alikisukuma kiti mpaka chumba cha nyuma. Palinuka rangi mpya. Randa aliona kijani kwanza, akadhani wamekosea chumba. Akashika magurudumu mwenyewe, akasogea. Goti lililobaki likagonga chuma. Akasogea tena, kwa upande, likagonga tena. Uso wa meza yake ulikuwa unamfika makwapani. Akanyoosha mkono kadiri ulivyonyooka, kama mtoto anayeomba mezani kwa wakubwa, na vidole vikakoma shubiri moja kabla ya randa.

Mkewe alikaa chini, pale pale sakafuni, na lile zege likambakizia vumbi kwenye kanga.

— Nani? alisema.

Randa alikuwa ameshaona mistari ya kuchomelea, ile minene yenye mawimbi ambayo ni mtu mmoja tu mtaani aliyeichora hivyo. Mkwe alizunguka meza mara moja, akaipiga kofi, akatazama baba mkwe wake na kutazama pembeni. Hakusema neno la kumuumiza. Nampa haki yake. Alisema tu kwamba gari ni la kuazima, linatakiwa jioni, akaenda kufunga magodoro.

— Nipeleke kijiweni, Randa alimwambia mkewe. Na hiyo randa nipe.

Walikuwa wamesikia gari. Walikuwa wamejipanga ubaoni, Karani amevaa shati la pasi, Cheche amenawa mpaka viwikoni, wanangoja kushukuriwa. Siku hiyo alikuwepo pia mgeni, msafiri mmoja mwenye begi katikati ya miguu, aliyekuwa akingoja zamu ya kunyolewa, naye amepewa kikombe ili asichoke. Walikuwa wameshamsimulia kisa chote cha meza fupi, na jinsi walivyomsitiri mzee. Mama Birika alikuwa ndiyo kwanza ameingiza jikoni mguu wa nne, wa mwisho.

Randa akatokea konani, mkewe anasukuma. Hawakuhitaji kumsogezea nafasi. Alikuja na kiti chake.

Waliona suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa pini. Kisha, Mungu awasamehe, wakabuni.

— Safari za siku hizi, Karani alianza, sauti haijakaa sawa. Madereva hawa. Basi litakuwa limepinduka.

— Au ule msumari, Kinyozi alisema. Msumari wa kutu ni sumu. Nilisema.

— Hukusema, Mama Birika akamwambia.

Cheche alikuwa anatazama chini. Akasema, kama anayeongea na matofali, kwamba kwa vyovyote vile meza mzee ameikuta iko imara. Haitikisiki. Hiyo angalau.

Yule msafiri aliweka kikombe chake ubaoni. Alimtazama Randa, akatazama randa iliyokuwa pajani pake, akatazama kile kiti, na kuanzia magurudumu mpaka kiwiko cha mtu aliyekaa macho yake yalipanda taratibu, kama tepu.

— Samahani, ndugu zangu, alisema. Mimi ni mpita njia. Meza mliikuta fupi. Mwenyewe alikuwa hai, anakaa nanyi hapa kila siku. Nani kati yenu alimwuliza kwa nini ameifanya fupi?

Kinyozi alikunja kitambaa, akakikunjua. Karani alifungua mdomo. Alikuwa na methali za mvua na za jua, za arusi na za kesi, lakini ile fupi kuliko zote, kwamba kuuliza si ujinga, haikuwahi kumtoka, na leo isingemtoka. Akaufunga. Mama Birika aliinua birika kummiminia mgeni, kwa kuwa mkono lazima ufanye kitu, na birika likatoa matone mawili na mashapo.

— Na mimi sikusema, Randa alisema. Msimbebeshe mtu mmoja.

Ndipo Cheche akasimama. Alitoa tepu mfukoni, tepu ya watu wa vyuma iliyoungua ukingo, akaja akapiga magoti mbele ya kiti, magoti mawili, chini kwenye mchanga na nywele za watu.

— Mzee, alisema. Ilitakiwa iwe na urefu gani?

Tangu ubao ule uwekwe pale hapakuwahi kuwa na mtu aliyemwuliza mwenzake swali na kungoja jibu. Cheche alilingoja, shingo imeinama.

— Futi mbili na inchi tatu. Na mbele pawe wazi.

Cheche aliandika kwa chaki kiganjani. Honi ya gari ikalia huko nyumbani, mara moja, kwa adabu.

— Itachukua muda gani kuikata? Randa alimwuliza.

— Bolti nimezichomelea. Miguu iko ndani ya zege. Cheche alihesabu kwa midomo, akahesabu tena, akitafuta hesabu ndogo zaidi asiipate. Siku tatu. Nisipolala, mbili.

— Nilipewa moja.

Honi ililia mara ya pili. Mke wa Randa hakuaga mtu. Alikigeuza kiti, gurudumu likakwama kidogo kwenye ufa, Kinyozi akaruka kulisaidia, mke akamkatalia kwa mkono. Wakaenda. Kutoka ubaoni waliweza kuona mkwe na dereva wa lile gari wakimpandisha Randa nyuma, kati ya kabati na magodoro, na kukifunga kiti kwa kamba kisiteleze. Alikaa ameipa mgongo njia. Ile randa ilikuwa pajani. Gari lilipopita mbele ya kijiwe alikuwa akiutazama ule ubao, si wao, kama mtu anayekagua kazi yake ya zamani aone imeshindwa wapi.

Mgeni alisema hatanyolewa tena, akachukua begi lake. Cheche alibaki amesimama, kiganja wazi, asijue akifunge au akifute.

— Labda kule kwa mkwe, Karani alianza polepole, labda kuna uwanja, labda atapata...

— Nyamaza, Mama Birika alisema.

Akamwaga maji jikoni, moto ukalalamika ukafa. Akafukua majivu kwa kijiti kutoa kuni iliyobaki, ikatoka ncha ya ule mguu wa nne: ulimi wenyewe, mweusi pembezoni, lakini pembe zake nne bado zimenyooka kama siku ulipochongwa. Aliushika kwa pindo la kanga ukamuunguza, hakuuachia. Akauweka mwisho wa kulia wa ubao, pale Randa alipokuwa akikaa. Wote wakautazama. Hakuna aliyeuliza ni nini.